Utetezi Unamhitaji wa Kuteta Naye

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama katika ukumbi wa kanisa mtaani Kondele, mjini Kisumu. Tulifundishwa haki za mwanamke katika kumiliki mali, tukagawiwa fulana, tukapigwa picha, na wakati wa kufunga mwelekezi akatangaza kwamba siku hiyo tulikuwa tumefanya utetezi. Hapakuwa na chifu, mwakilishi wadi wala afisa yeyote, na hapakuwa na barua iliyokusudiwa kupelekwa kwao. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na sasa naona vyema niandike kulihusu.

Utetezi, katika kazi ya makundi ya wanawake, ni juhudi zilizopangwa za kumfanya mwenye mamlaka abadilishe sheria, sera, bajeti au uamuzi kwa manufaa ya watu fulani. Maana hiyo inatosha. Kinachosahaulika ni asili ya neno lenyewe.

Mzizi wake ni kitenzi teta, yaani kubishana, kugombana kwa maneno, au kulalamika, kama tunavyokitumia kila siku hapa kwetu. Ukikitia katika kauli ya kutendea unapata tetea: kuteta kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo neno limebeba watu watatu, yule anayeteta, yule anayetetewa, na yule ambaye ubishi unaelekezwa kwake. Ukimwondoa huyo wa tatu, teta yenyewe imeondoka, na kinachobaki hakiwezi kuitwa utetezi hata kama kina faida kubwa. Uhamasishaji una nasaba nyingine kabisa. Hamasa ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni ari au msisimko wa moyo. Kuhamasisha ni kumtia ari mtu aliyeketi mbele yako. Anayetetewa anaweza kuwa yuko nyumbani akichota maji, lakini mwenye mamlaka lazima ajulikane kwa cheo, na ombi limfikie.

Niliwahi kumwona muuzaji mmoja wa omena katika kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Alikuwa na karatasi mbili ndani ya bahasha iliyoshika harufu ya samaki, na ombi lake lilikuwa moja: taa za sokoni, kwa sababu wanawake hufunga biashara gizani. Alipomaliza kusoma hakuketi. Alisubiri hadi mwenyekiti alipoandika, kisha akaomba asomewe kilichoandikwa. Hakutaja neno utetezi hata mara moja, lakini wote watatu walikuwepo.

Ndiyo maana pia hunisikitisha kusikia kikundi kikijisifu kwamba chenyewe hufanya utetezi bila kugusa siasa. Naielewa hofu hiyo, kwani Maendeleo ya Wanawake, jumuiya ya wanawake wa Kenya iliyoanzishwa mwaka wa 1952, iliunganishwa na chama tawala cha KANU mwaka wa 1987, na wengi walijifunza kutokana na hilo kuogopa kumezwa. Lakini kukaa mbali na chama ni jambo moja, na kukaa mbali na siasa ni jambo jingine. Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, alipopeleka bungeni mwaka wa 1997 hoja ya kuongeza nafasi za wanawake katika uongozi, alikuwa akiteta na Bunge lenyewe, na hoja ikaangushwa. Katiba ya 2010 ikaweka kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa; mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu ikatoa ushauri kwamba kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, mwisho ukiwa Agosti 2015; muda ukapita bila sheria, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge. Bunge halikuvunjwa. Katika mlolongo huo wote, kila hatua ilikuwa na mlango uliobishwa, na kila mlango ulikuwa wa kisiasa. Hata mwanakijiji asiyejua mbunge wake anakoishi ana haki, chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, ya kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni.

Basi, dada zangu wa Kondele, shughuli ya Jumamosi ilikuwa uhamasishaji, na sioni sababu ya kulionea neno hilo haya. Wanawake walitoka pale wakijua kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali, na wengine walikuwa hawajawahi kuambiwa. Utetezi utaanza mtakapoiandika ile habari ya wajane wanaofukuzwa mashambani, ambayo mama wa safu ya nyuma aliitaja tukaipita, na mkaamua itapokelewa na nani: chifu, bunge la kaunti au Seneti.