Dawa ya moto kwenye makuti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nimeezeka makuti tangu nikiwa kijana wa kumshikia mjomba kamba huko Kisauni, Mombasa. Siku hizi kazi yangu kubwa si kuezeka tena, ni kutia mapaa dawa ya moto. Kutoka Nyali mpaka Shanzu siku mbili hazipiti bila kuulizwa swali lile lile: "Fundi, ukishatia hiyo dawa, paa haliungui tena?" Nikijibu kwamba laweza kuungua, mteja hunyamaza, kisha huniuliza sasa analipia nini. Swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu usiku huu kuna watu wamelala chini ya makuti wakiamini jambo ambalo si kweli.

"Kikishatiwa dawa hakiungui"

Katika yote, hii ndiyo inayoweza kuua. Kuti, boriti, kitambaa, sponji la godoro, vyote vikipewa joto la kutosha na hewa vitaungua, hata viwe vimetiwa dawa gani. Kazi ya dawa ni kuchelewesha. Cheche isigeuke moto, na moto mdogo usikimbie. Paa kavu la makuti likishika wakati wa kaskazi, dakika chache tu zatosha kuliteketeza lote. Dawa inakupa nafasi ya kutoa watoto, kuufikia mpira wa maji, na kuwasubiri zimamoto ambao huenda wamekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali. Hicho ndicho unacholipia.

Ili uelewe inavyofanya kazi, nenda jikoni kwa anayepikia kuni. Inama utazame pale ulimi wa moto unapoanzia. Utaona haujagandana na ukuni, kuna mwanya mwembamba katikati. Kinachowaka pale ni gesi. Mti ukifikia joto la kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi huanza kuvunjika ndani na kutoa gesi hiyo, gesi ikikutana na hewa inashika, na joto lake linaurudia mti na kuutoa gesi nyingine. Mzunguko huo ndio moto wenyewe. Dawa zote za kuzuia moto huukata mzunguko huu, ila kila moja huukata mahali pake.

Ziko zinazofanya kazi kama kuni mbichi. Ukuni mbichi hausumbui mpishi kwa ubishi wake. Joto lote linakwenda kukausha maji kwanza. Alumini haidroksaidi, poda nyeupe inayochanganywa kwenye plastiki ya nyaya za umeme, ina maji yaliyofungwa ndani yake, karibu thuluthi moja ya uzito wake. Huwezi kuyaona wala kuyakamua. Joto likipita nyuzi 200 hivi yanafunguka, yanatoka kama mvuke, na yanapotoka yanaondoka na joto. Jasi nayo ni hivyo hivyo. Ile dari ya jipsam sebuleni kwako, sehemu moja kati ya tano ya uzito wa jasi yake ni maji, ndiyo maana inasimama mbele ya moto muda mrefu kuliko dari ya mbao nyembamba.

Ziko zinazofanya kama tanuri la mkaa. Fosfeti za amonia zikipata joto hutoa asidi, na asidi hiyo hulinyonya jani maji yake kabla halijapata nafasi ya kutoa gesi ya kuwaka. Linalobaki ni mkaa, na mkaa ule hukaa juu kama ngozi, ukilinda kilicho chini. Boraksi na asidi ya boriki huelekea huko huko, na juu yake huyeyuka zikafunika jani kwa utando kama wa kioo.

Na ziko zinazoingia ndani ya ulimi wa moto wenyewe, hasa zenye bromini. Katika moto kuna chembechembe kali zinazopokezana kazi, moja ikiamsha nyingine. Bromini huzidaka njiani, na mbio zinakatika. Hizi zimetumiwa sana kwenye plastiki za televisheni na kompyuta. Nitazirudia hapo chini kwa sababu zina lao.

"Nilitia mwaka jana, bado ipo"

Hapa ndipo ninapogombana na watu wengi, na ndipo naomba unisikilize zaidi. Dawa nyingi za makuti ni chumvi zilizoyeyushwa katika maji. Kilichoingia na maji hutoka na maji. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kwenye masika, mwezi wa nne na wa tano. Paa linaoshwa.

Wateja wanapobisha sibishani nao, nawaonyesha. Nachukua makuti matatu ya umri mmoja. La kwanza naliacha kama lilivyo. La pili nalichovya kwenye maji ya moto yaliyoyeyushiwa boraksi sehemu saba kwa asidi ya boriki sehemu tatu, kisha nalianika juani siku mbili. La tatu nalichovya na kulianika vivyo hivyo, halafu nalilaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji safi, nayabadilisha mara mbili, nalianika tena. Yote matatu nayatundika kwenye waya uwanjani, mbali na banda, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

La kwanza njiti ikiligusa tu, moto unapanda kwa sauti kama ya karatasi inayofinyangwa, na unafika juu kabla njiti haijaisha mkononi. La pili linajikunja na kuwa jeusi pale njiti ilipo. Ukiiondoa njiti, ulimi unasinzia, moshi mweupe unafuka kidogo, basi. Unabaki na doa jeusi la upana wa kiganja. Watu hushangilia hapo. Kisha nawasha la tatu, na linaungua sawasawa na la kwanza. Sauti ile ile, mwendo ule ule. Sijawahi kuona mteja akicheka wakati huo.

Zipo dawa zinazochanganywa na gundi maalumu ili zishike jani zisioshwe upesi, na hizo ni bora kwa paa la nje. Hata hizo zina muda wake, na muuzaji mkweli atakuandikia ni muda gani. Nimewahi kuitwa na hoteli moja ambako meneja alinionyesha cheti ukutani, kimewekewa kioo vizuri, cha miaka sita nyuma. Makuti yenyewe yalikuwa yamebadilishwa mara moja tangu cheti kile kiandikwe, na hakuna aliyekumbuka kwamba dawa iliondoka na makuti ya zamani.

Jambo jingine la paa letu: makuti hulaliana. Ukipuliza kwa pampu ya mgongoni kutoka nje, dawa inapata ncha zilizo juani, na sehemu kubwa ya kuti iliyofichwa chini ya wenzake inabaki kavu. Ilhali moto mwingi wa mabanda huanzia ndani, kwenye jiko, kwenye waya uliochubuka, kwenye makaa ya shisha. Kama unaezeka upya, chovya kila kuti kabla halijapanda juu. Kama paa lipo tayari, pulizia ndani kwanza, nje baadaye.

"Dawa ya mchwa ni dawa ya moto pia"

Inategemea dawa gani. Boraksi kweli inafanya kazi zote mbili. Mchwa hawaiwezi na moto unapungua kasi. Lakini wengi wetu huku tunapaka boriti na fito oili chafu ya gereji. Mchwa wanaikimbia, sawa. Moto je? Umelipaka paa lako mafuta. Nimeziona fito nyeusi zinazong'aa juu ya jiko la kukaangia viazi, na sikuweza kunyamaza mpaka mwenye kibanda alipoahidi kuzibadilisha.

Zile nguzo zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, nazo si kinga. Zikishika zinaweza kufukuta taratibu, bila ulimi wa kuonekana, mpaka nguzo nzima ikaisha. Vipande vyake visiingie jikoni kabisa. Moshi na majivu yake yana aseniki, nayo ni sumu.

"Ile poda ya waridi ya Marekani ni mbolea, basi tumwage mbolea"

Mwezi wa kwanza wa 2025, Los Angeles ilipokuwa inaungua, simu za watu wote hapa zilijaa picha za ndege zinazomwaga kitu chenye rangi ya waridi juu ya vilima na nyumba. Rangi ile haizuii moto. Huwekwa ili rubani aone alipokwisha mwaga. Kinachofanya kazi ni fosfeti ya amonia iliyo ndani ya maji yale, na ni kweli kwamba ni ndugu wa DAP, mbolea ya kupandia ambayo mkulima wa Kenya anaijua kwa mfuko. Wala haimwagwi juu ya moto kwanza. Humwagwa mbele yake, kwenye majani ambayo bado hayajashika. Maji matupu yakikauka kazi yake imekwisha, fosfeti inabaki kwenye jani ikisubiri.

Sasa mtu akisikia hivyo anaenda dukani kununua mbolea yoyote. Tafadhali usifanye hivyo. CAN, mbolea nyingine inayouzwa rafu moja na DAP, ina naitreti, na naitreti ni kitu kinachoulisha moto oksijeni. Tani 2,750 za amonia naitreti, ambayo ndiyo kali zaidi katika ukoo huo, ndizo zilizolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Hata DAP yenyewe hula misumari na waya wa kufungia, na mvua huiosha kama chumvi nyingine. Nunua dawa iliyotengenezwa kwa makuti, yenye maelezo ya kipimo.

Na wanaosema haya ni mambo mapya yaliyoletwa na hoteli za watalii: mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alikuwa ameshaonyesha kwamba fosfeti ya amonia na boraksi hupunguza kuungua kwa vitambaa, kwa ajili ya majumba ya maonyesho ya Paris. Chumvi ni zile zile tunazochovyea leo.

"Chuma hakihitaji dawa"

Chuma hakiwaki, lakini hulegea. Kikifika nyuzi 550 hivi kinabaki na kama nusu ya nguvu zake, na moto wa chumba hufika huko upesi. Kwa sababu hiyo nguzo za chuma za majengo makubwa hupakwa rangi maalumu ambayo ikipata joto hufura kama andazi kwenye mafuta, ikawa povu jeusi nene linalozuia joto lisikifikie chuma. Ukikwaruza rangi hiyo ili uchomelee kitu, paka tena.

"Kemikali hizi zote ni sumu," na anayesema "zote ni salama"

Wote wawili wanakosea. Baadhi ya dawa za bromini, zile ziitwazo PBDE, hutoka polepole kwenye plastiki na sponji, huingia kwenye vumbi la nyumba, na hukaa mwilini muda mrefu. Mkataba wa Stockholm, wa mataifa kuhusu kemikali za sumu zisizooza upesi, ambao Kenya imo, ulianza kuzipiga marufuku mwaka 2009, na nyingine ikafuata 2017. Lakini televisheni za zamani bado zimo majumbani na jaani. Vijana wanaochoma nyaya na vifuniko vya kompyuta ili wapate shaba wanavuta moshi mbaya kuliko wa sigara, na watoto wa jirani wanauvuta nao. Waya umenywe kwa kisu, usichomwe.

Jasi na alumini haidroksaidi hazina shida ya namna hiyo. Boraksi na asidi ya boriki ziko katikati. Vaa glavu na barakoa, usichanganyie kwenye sufuria ya chakula, weka mbali na watoto na wajawazito, na usimwage mabaki kwenye kisima wala bustani, kwa sababu boroni iliyo ndani yake ikizidi hukausha mimea.

Tena dawa hizi hazifuti moshi. Plastiki yenye bromini ikilazimishwa kuungua hutoa moshi mwingi zaidi, na katika moto wa nyumba moshi ndio hutangulia kuua.

Kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kabla kaskazi haijakaza, napanda kwenye mapaa ninayoyatunza na kuchomoa makuti matatu: moja ukingoni upande wa bahari, moja kilele, moja ndani juu ya jiko. Nayashusha, nayapeleka uwanjani, nawasha njiti. Mwaka jana kwenye banda moja la Bamburi la ndani lilizimika lenyewe, la ukingoni likasuasua, la kilele likawaka mpaka juu. Mwenye banda alikuwa amesimama karibu nami. Aliingia ndani akazima jiko, akaniuliza kama naweza kuanza asubuhi.