Je, wajua kwa nini LeBron James aliiacha timu ya fainali akafuata jiji?

Ukishuka soko la Gikomba, Nairobi, kutafuta jezi za mpira wa vikapu za mitumba, utazikuta za LeBron James, nyota wa mchezo huo Marekani, zimetundikwa kamba moja: nyekundu iliyokolea ya Cleveland, nyeusi ya Miami, manjano ya Los Angeles Lakers. Ya manjano haikai. Juzi nilikuwa hapo kijana mmoja mwenye mkoba wa shule alipomuuliza muuzaji swali ambalo nimelisikia viwanjani mara nyingi: huyu jamaa alikuwa anafika fainali kila mwaka, mbona akaenda timu iliyokuwa imelala?

Ni swali la haki kabisa. LeBron alicheza fainali 8 mfululizo za NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Marekani, kuanzia 2011 hadi 2018, nne akiwa na Miami Heat na nne akiwa na Cleveland Cavaliers. Tarehe 1 Julai 2018 ikatangazwa kwamba anahamia Lakers kwa mkataba wa miaka 4, dola milioni 153 na ushei. Lakers hao walikuwa hawajaonja mechi za mchujo, zile za kuwania ubingwa mwishoni mwa msimu, tangu 2013, na hata msimu wake wa kwanza pale wakazikosa tena.

Wengi wetu tumezoea soka, ambako klabu yenye mfuko mnono hupandisha dau mpaka mchezaji akubali. NBA haiendi hivyo. Kila msimu ligi hupanga kikomo cha mishahara ya timu, na tangu makubaliano ya 1999 kati ya wenye timu na chama cha wachezaji, kila mchezaji naye ana dari lake la mshahara. Kabla ya hapo Michael Jordan aliweza kulipwa zaidi ya dola milioni 33 kwa msimu mmoja wa 1997-98, pesa zilizopita kikomo cha timu nzima. Leo, aliyetimiza miaka 10 ligini kwa kawaida haanzi mkataba mpya juu ya asilimia 35 ya kikomo. Mwaka 2018 kikomo kilikuwa karibu dola milioni 101.9. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 35 yake ni kama milioni 35.65, na hizo ndizo alizolipwa LeBron mwaka wake wa kwanza Los Angeles. Angekwenda timu yoyote nyingine, mwaka huo wa kwanza asingepata hata senti moja zaidi.

Tena sheria yenyewe inamvuta mchezaji abaki alipo. Timu yake ya zamani inaruhusiwa kumpa miaka 5 na nyongeza ya hadi asilimia 8 kila mwaka, ilhali timu mpya inaishia miaka 4 na asilimia 5. Kisha kuna kodi. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha jimbo la California ni asilimia 13.3. Cha Ohio, iliko Cleveland, wakati huo hakikufika asilimia 5. Florida na Texas hazitozi kabisa. Wachezaji hukatwa kodi katika majimbo wanakosafiri kucheza pia, lakini mechi 41 kati ya 82 ni za nyumbani, kwa hivyo jimbo la nyumbani ndilo linalouma.

Ukisoma karatasi ya mshahara peke yake, basi, utasema alifanya hesabu mbaya. Lakini mshahara ukishafungwa dari, kinachobaki cha kushindania ni mahali penyewe: nani jirani yako, nani unaweza kukutana naye asubuhi kabla ya mazoezi, mlango gani utagonga bila kupanda ndege. Hiyo ni sehemu ya malipo ambayo hakuna sheria ya ligi inayoweza kuipima. Naamini ndiyo iliyopindua mizani.

LeBron hakufika Los Angeles mikono mitupu. Yeye na rafiki yake wa tangu ujana, Maverick Carter, walikuwa tayari na SpringHill, kampuni ya kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni. Jina hilo ni la majengo ya kupanga huko Akron, Ohio, alikoishi na mama yake akiwa mtoto. Sasa fikiria kazi ya filamu ilivyo: mwandishi, mwongozaji, mwenye studio na mwenye pesa wanakaa meza moja, wanavunjika, wanakutana tena kesho. Ukiwa Cleveland, kila kikao ni safari. Ukiwa Los Angeles unamaliza mazoezi saa saba mchana na saa nane uko mezani. Mwaka 2021 filamu yake ya Space Jam: A New Legacy ikatoka, na mwaka huo huo wawekezaji wakanunua hisa za SpringHill kwa bei iliyoipa kampuni nzima thamani ya dola milioni 725 hivi. Mashabiki wa Liverpool hapa Nairobi wana sababu yao ya kumfuatilia: mwaka 2011 alipata hisa ndogo kwenye klabu yao, katika mapatano na wamiliki wake, Fenway Sports Group.

Mpira hakuuacha, hilo nalo lisemwe. Mwaka 2020 aliwapa Lakers ubingwa.

Kevin Durant, nyota mwingine wa NBA, alipita njia inayofanana. Mwaka 2016 alitoka Oklahoma City Thunder akajiunga na Golden State Warriors, waliokuwa wakicheza Oakland wakati huo, mwendo wa gari tu kutoka kwenye makampuni ya teknolojia ya Silicon Valley. Alikwenda kutafuta ubingwa, akaupata mara mbili, 2017 na 2018. Pale alimkuta Andre Iguodala, ambaye tayari alikuwa akiweka pesa zake kwenye kampuni changa za teknolojia. Durant naye, pamoja na meneja wake Rich Kleiman, akawekeza katika Postmates, kampuni ya kupeleka vyakula majumbani, na baadaye Coinbase, soko la sarafu za kidijitali.

Si kila biashara inadai uhame, lakini. Giannis Antetokounmpo, naye nyota wa NBA, alikuwa Milwaukee, mji usio mkubwa, Nike ilipomtolea kiatu chenye jina lake mwaka 2019. Mwishoni mwa 2020 akatia sahihi kubaki huko huko. Kiatu kinauzwa popote penye simu. Tofauti ninayoiona ni hii: anayeuza sura yake anaweza kukaa mji wowote, bali anayetaka kumiliki kampuni na kuketi na wenye mitaji, ukaribu unamfaa sana.

Kwetu hapa jambo hili halikupaswa kutushangaza. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi, KPA ni ya bandari ya Mombasa, Equity Hawks ni ya benki. Mchezaji wa Kenya anapohama, mara nyingi anahama kazi, bima ya matibabu na hata mji. Ndiyo, pesa za mchezo wenyewe zimeanza kusogea: mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, na mwaka 2021 Luol Deng, nyota mstaafu aliyezaliwa Sudan Kusini ya leo, alikuwa miongoni mwa walionunua hisa katika NBA Africa, kampuni inayoendesha shughuli za NBA barani humu. Lakini vijana wengi ninaowatazama pale ukumbi wa Nyayo wikendi bado wanacheza kwa nauli na matumaini.

Mmoja wao, mchezaji mwepesi wa nafasi ya ulinzi niliyemtazama tangu akiwa timu ya chuo kikuu, alipata mwaliko wa kuhamia timu ya taasisi. Tulikaa nje ya ukumbi baada ya mechi, taulo shingoni, viatu amevifungua kamba, simu sikioni akizungumza na kocha mpya. Nilitarajia aulize atacheza dakika ngapi. Akauliza kama kazi ni ya kudumu au ya kandarasi, na kama watamruhusu amalizie shahada yake jioni.