Umbali wa anga na muda wa safari: Mombasa hadi London ni saa ngapi?

Umbali wa anga ni urefu wa njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili juu ya uso wa dunia. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda, kwa hiyo chukua tufe la darasani na uzi: ncha moja Mombasa, nyingine London, kisha ukaze. Huo uzi ni takriban kilomita 7,240, yaani maili za baharini 3,910. Ndiyo, za baharini. Rubani huhesabu kwa maili zilezile za nahodha wa bandari ya Kilindini, kila moja kilomita 1.852.

Ukigawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa nane. Usizitegemee. Huko juu, hasa ukishavuka Bahari ya Kati, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wa mbele wa kilomita 100 hubakisha mwendo wa 800. Wakati wa kurudi, upepo uleule husukuma. Ndiyo maana Nairobi–London huchukua kama saa tisa, na kurudi hupungua nusu saa hivi. Tena ndege haifuati uzi kila mara: vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa, ikabidi izungukwe. Na muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapotoka maegeshoni hadi inapoegeshwa, si ikiwa hewani tu.

Kupitia Nairobi hakuongezi njia ya maana. Vipande viwili, kilomita 423 na 6,841, vinazidi uzi kwa kilomita ishirini na ushei. Dubai huongeza karibu 1,900. Kinachokula muda zaidi ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo linganisha jumla ya saa za safari, usitazame kilomita.

Wengi hukosea kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Januari London iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, mbili. Ndege ikitoka Nairobi 09:00 na kutua London 15:00 mwezi Januari, imesafiri saa tisa, si sita.

Kosa la pili ni letu wenyewe, wa saa za Kiswahili. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 12, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12, wala si saa sita ya mchana. Ukihesabu saa tatu za kuwahi, unatakiwa uwe Port Reitz, kwenye uwanja wa ndege wa Mombasa, saa tatu na dakika arobaini usiku, tarehe 11, na foleni ya Changamwe uwe umeshaivuka.