Roboti haijui kama laptopu yako ina Windows

Jumamosi iliyopita mzazi mmoja alifika kwenye klabu yetu ya roboti Ilemela, Mwanza, kabla hata sijafungua mlango. Anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na asubuhi hiyo alimwachia jirani mzigo ili aje kuniuliza jambo moja. "Mwalimu, fundi kaniambia laptopu ya binti yangu haiwezi mambo ya roboti kwa sababu haina Windows. Nikope ninunue nyingine, au nimwambie aachane nayo?"

Laptopu hiyo naijua. Ina RAM ya gigabaiti 4, na Linux Mint 21, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows, niliiweka mwenyewe. Haina ubovu wowote. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa mafundi, hata kwa wanafunzi wa vyuo, lakini safari hii yalikuwa yanampeleka mtu kwenye mkopo. Ndiyo maana nayaandikia.

Tuanze na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki ya kuendeshea roboti, maana wengi huanzia hapo. Msimbo unaouandika unapitia kompaila, yaani programu inayougeuza kuwa lugha ya chipu, iitwayo avr-gcc. Ni ileile kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye Mac. Kinachotoka ni maelekezo ya chipu ya ATmega328P iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu. Chipu hiyo haina mfumo endeshi wa aina yoyote. Inapokea baiti kupitia waya wa USB, inazihifadhi, inazitekeleza. Haina namna ya kujua zimetoka kwenye laptopu gani.

Ukipanda ngazi ndiyo hoja ya fundi inazidi kuanguka. Ubongo wa roboti ya LEGO EV3, uliotoka 2013, ndani yake ni Linux. Control Hub, ubongo wa roboti unaotumika kwenye shindano la wanafunzi la FIRST Tech Challenge, ni Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Unajiunga na Wi-Fi yake, unafungua 192.168.43.1:8080 kwenye kivinjari, unaandika Java, nayo inakompaili humohumo ndani yake. Kompyuta yako hapo ni kibodi na kioo tu. Na roboRIO, ubongo wa roboti za shindano jingine, FIRST Robotics Competition, nayo ni Linux. Kwa hiyo tunawaambia watoto kwamba Linux haiwezi roboti, huku roboti yenyewe iliyo mezani inaendeshwa na Linux.

Sasa, imani hii haikuzuka bure. Mtu anachomeka bodi kwenye Linux, poti (njia ya kompyuta kuwasiliana na bodi) haionekani, anachomoa, anaipeleka kwenye Windows, inakubali. Hapo anahitimisha. Kinachoniudhi ni kwamba haulizi kwa nini, na jibu lipo, na ni dogo.

Kwanza waya. Waya nyingi tunazookota nyumbani ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Hilo halihusiani na mfumo endeshi wowote, ila lawama hupewa Linux.

Pili ruhusa. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian, poti ya USB ni mali ya kundi linaloitwa dialout. Kama hujajiunga nalo, poti utaiona lakini utanyimwa kuifungua. Dawa ni kuandika amri hii kwenye terminal: sudo usermod -aG dialout $USER, kisha unatoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kuingia upya si hiari! Nusu ya wanaoniambia kwamba wamefuata maelekezo yakashindikana, waliruka hapo. Wengine wameelekezwa watumie chmod 666, amri ya kumfungulia kila mtu, kwenye poti. Inakubali, halafu wakichomoa waya na kuurudisha, ruhusa imepotea, nao wanasema Linux ina vigeugeu. Wengine wanafungua Arduino IDE, programu ya kuandikia msimbo, kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Huko ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mafaili ya mwanafunzi yanageuka mali ya msimamizi, na kesho yake hawezi kuhifadhi kazi yake mwenyewe. Nimeshapoteza saa nzima za mazoezi kusafisha uchafu huo.

Tatu ndiyo iliyomkuta binti yule. Bodi zetu nyingi ni nakala za bei nafuu zenye chipu ya CH340, inayounganisha bodi na USB. Dereva wake umo tayari ndani ya kiini cha Linux, hakuna cha kupakua. Nilichomeka bodi, nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB: 1a86:7523, namba ya utambulisho ya CH340, ilionekana bila shida. Nikaandika sudo dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo. Poti yenyewe, ttyUSB0, ilizaliwa, na papo hapo ikafa. Juu ya mstari wa kufa kulikuwa na neno brltty.

Hiyo ni programu ya kuendesha vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Baadhi ya vifaa hivyo vina chipu hiyohiyo ya CH340, na toleo lililokuja na Ubuntu 22.04, ambalo Mint 21 imelirithi, lilikuwa linaichukua kila CH340 likidhani ni kifaa cha msomaji. Poti unanyang'anywa kabla Arduino haijaigusa. Fundi aliona poti haipo, akasema Linux haiwezi. Angesoma mistari mitatu ya dmesg angeona jina la aliyeichukua.

Ushauri uliotapakaa mtandaoni ni kuifuta brltty. Mimi sifanyi hivyo kwenye kompyuta ya shule. Tuna wanafunzi wasioona, na kompyuta ya klabu leo inaweza kuwa ya mmoja wao mwakani. Nakili faili la 85-brltty.rules kutoka /usr/lib/udev/rules.d kwenda /etc/udev/rules.d, tafuta mstari wenye 1a86/7523, uwekee alama ya # mwanzoni, kisha sudo udevadm control --reload. Chomoa bodi, chomeka tena. Kifaa cha nukta nundu chenye chipu nyingine kitaendelea kutambuliwa, na hata sasisho likija halitafuta marekebisho yako.

Herufi nazo. Anayetoka Windows huandika #include <arduino.h> na inapita, kwa kuwa Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Linux inatofautisha, inataka Arduino.h. Rekebisha herufi moja, endelea na kazi.

Yapo ambayo hayajakaa sawa, nami siyafichi. Programu ya kuendeshea roboti uwanjani kwenye FIRST Robotics Competition, kwa roboti zenye roboRIO, ni ya Windows pekee. Msimbo unaweza kuuandika na kuupakia kutoka Linux, lakini timu lazima iwe na walau laptopu moja ya Windows. EV3 ukiiwekea ev3dev, Linux iliyotengenezwa kwa ajili yake, programu ya Python inachukua sekunde kadhaa kabla ya kuanza, na mtoto aliyesimama mbele ya mwamuzi anaziona sekunde hizo ndefu mno. Na lipo linalonisumbua usiku: Jumamosi mbili mwaka huu nimezimaliza kwenye ruhusa na udev (kanuni za Linux za kutambua vifaa), badala ya kuwafundisha namna ya kurekebisha mwendo kwa PID, hesabu ya kusahihisha makosa ya roboti inapotembea. Watoto walijifunza kusoma dmesg, sawa, lakini sijui kama hicho ndicho walichokuwa wanakihitaji wiki hiyo. Mwalimu mwenye Windows kwenye kila meza angewahi kufika kwenye roboti.

Ila hizo Windows kwenye kila meza hatuna, na Windows 10 iliyojaa kwenye laptopu za mitumba ilikoma kupewa msaada Oktoba 14, 2025.

Yule binti alipachika # mwenyewe, nikimsomea tu jina la faili. Alipochomeka bodi tena, ttyUSB0 ilibaki hai, akapakia programu, magurudumu yakazunguka hewani juu ya kitabu. Baba yake aliinama akayatazama kwa muda, kisha akauliza hela aliyotaka kukopa aifanyie nini. Nikamwambia, "Mzee wangu, usikope. Ukipata nafasi mnunulie waya mzuri wa USB na betri za kuchaji." Alirudi Mwaloni kabla ya saa nne. Binti alibaki akihangaika na sensa ya mstari, iliyokuwa inasoma kivuli cha meza kana kwamba ni mstari mweusi.