Si kila msiba ni kiboko cha Mungu

Pale Kongowea, mtaa wa Mombasa, mama akifiwa au biashara yake ikianguka, hakosi mtu wa kumwambia, "Mungu anakutia adabu." Wakristo wengi tumekua na imani hiyo, nayo humwongezea uchungu aliyekwisha kuumia.

Yesu aliikanusha waziwazi. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyosababisha mtu azaliwe kipofu, alijibu kwamba si yake wala ya wazazi wake. Na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wenzao.

Ni kweli, Waebrania 12 husema Bwana humrudi, yaani humtia adabu, ampendaye. Ila maneno hayo yaliwaendea waumini walioteswa kwa imani yao, ili wasikate tamaa. Hayakuandikwa tumpime nayo jirani aliyefiwa.

Hapa Mombasa, mwaka 1844, homa ilimuua Rosina Krapf muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akafa pia. Amezikwa upande wa Nyali. Nani angethubutu kumwambia mumewe, mmishonari Johann Ludwig Krapf, kwamba ile ilikuwa adhabu?

Mungu hufunza, tena kwa subira. Zaburi 32 yaahidi atatuonyesha njia huku jicho lake likitutazama. Lijamu, chuma cha kinywani cha kumwongoza mnyama, yasema, ni ya farasi na nyumbu.