Kurudi kazini mtoto akiwa bado ananyonya: maswali na majibu

Maswali kuhusu kurudi kazini huja yamechelewa, mara nyingi wiki ya mwisho ya likizo, ilhali mambo mengi yalitakiwa kuanza kupangwa mwezi mmoja nyuma. Majibu haya yanamlenga zaidi mama aliyeajiriwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na Kenya imetajwa pale ambapo sheria yao inatofautiana na yetu.

Sheria inanipa siku ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, au siku 100 ukijifungua mapacha. Mwajiri anatakiwa apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Kenya wanatoa miezi mitatu yenye malipo kamili. Siku 84 ni wiki 12, wakati mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo isipungue wiki 14. Kwa hiyo ukiona muda hautoshi, wala si uvivu wako.

Kinachowaponyoka wengi ni tarehe ya kuanza. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na ukizitumia zote nne utabaki na wiki nane tu za kukaa na mtoto. Kama ujauzito hauna shida na kazi yako ni ya mezani, sogeza mbele kadiri unavyoweza. Kama presha inapanda au daktari ana wasiwasi, hesabu hiyo iache: kwa cheti chake unaweza kuanza hata kabla ya hizo wiki nne.

Halafu kuna likizo ya mwaka, siku 28. Ukikubaliana na mwajiri mkaiunganisha na ile ya uzazi, unapata siku 112, yaani wiki 16. Tofauti ya mtoto wa wiki 12 na wa wiki 16 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kalenda: maziwa yameshatulia, na usiku wengine huanza kulala vipindi virefu kidogo. Omba mapema, kwa maandishi. Kenya nako sheria inasema wazi kwamba mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amekwenda likizo ya uzazi.

Aliyejifungua mtoto njiti aulize ofisini kuhusu marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, ambayo yameongeza likizo yake kwa muda uliokuwa umebaki kufikia wiki 40 za ujauzito.

Wiki ya nne ofisini wamenipigia, wanataka nije mara moja tu nikabidhi kazi. Niende?

Usiende. Sheria inakataza mwajiriwa kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari awe ameshauri kwamba anaweza kurudi mapema. Katazo hilo linamhusu hata mama mwenye hamu ya kwenda. Faili linaweza kufuatwa nyumbani.

Nitajuaje kama mwili umepona?

Hudhurio la kliniki la wiki ya sita lisiwe la kumpima mtoto uzito tu. Mweleze muuguzi unafanya kazi gani. Mwalimu anayesimama tangu asubuhi, muuguzi wa zamu ya usiku na mfanyakazi wa kiwandani anayenyanyua maboksi hawawezi kupewa jibu moja na karani. Aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuona mshono wa nje umekauka vizuri ilhali tabaka za ndani bado zinaunga. Kwa wiki sita za mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, na hata baada ya hapo arudie mizigo polepole. Sheria pia inamkataza mwajiri kumpa mama anayenyonyesha kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Kwa hiyo kuomba upangiwe kazi nyepesi kwa muda si kuomba upendeleo.

Uliza pia wingi wa damu. Mama aliyepoteza damu nyingi anarudi kazini akihema kwenye ngazi, na wenzake wanadhani ni unene. Vidonge vya kuongeza damu usiviache kwa sababu tu umeshajifungua. Endelea kadiri kliniki ilivyokuelekeza. Na kama mkojo unatoka ukicheka au ukipiga chafya, sema. Kina mama wengi huishi na hali hiyo miaka kwa aibu, wakati kuna mazoezi ya misuli ya nyonga yanayosaidia.

Homa, damu kuanza kutoka upya kwa wingi, usaha au harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana: hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua.

Nataka mtoto aendelee kupata maziwa yangu tu hadi miezi sita. Inawezekana nikiwa kazini?

Inawezekana, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi. Likizo ya wiki 12 inaishia katikati ya safari hiyo, na pengo linalobaki linazibwa kwa kukamua.

Anza wiki mbili hadi tatu kabla ya kurudi. Asubuhi mapema baada ya mtoto kunyonya ndipo maziwa huwa mengi. Nawa mikono, weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana na kuachia. Usivute chuchu; utajiumiza na maziwa hayatatoka. Siku za kwanza utapata vijiko vichache, na wengi hukata tamaa hapo. Usikate. Mwili hutengeneza kadiri unavyodaiwa, na baada ya siku kadhaa utaona tofauti. Mashine ya kukamulia inaokoa muda ukiwa na uwezo wa kuinunua, lakini mikono miwili inatosha.

Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Ukiwa nje ya nyumba kwa muda wa saa tisa au kumi, mililita 300 hadi 400 kwa kawaida zinatosha. Zigawe katika vyombo vidogo vya mililita 90 hadi 120 ili kisimwagwe kingi akibakiza. Huna haja ya kujaza friji.

Ukiwa kazini kamua kila baada ya saa tatu hivi. Ukiacha, matiti yanajaa, yanauma, yanapata uvimbe na homa, na maziwa yenyewe yanaanza kupungua. Titi likishapata uvimbe usiache kunyonyesha, ila umwone mhudumu wa afya.

Bibi anasema maziwa yaliyokaa kifuani kutwa yamechacha, niyamwage kwanza.

Mheshimu bibi, lakini usiyamwage. Maziwa hayachachi ndani ya titi, hata kama umeshinda juani au umebanwa kwenye daladala saa mbili. Ukifika nyumbani nawa mikono, kaa, mpe mtoto.

Nje ya titi ndipo muda unapohesabika. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne. Mchana wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huvuka joto hilo kwa miezi mingi, kwa hiyo yaweke kwenye ubaridi mara moja: jokofu, au kikasha chenye barafu wakati wa safari. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, ila yasiwekwe mlangoni. Kwenye friza hukaa miezi, lakini umeme ukikatika ukarudi na ukakuta yameyeyuka, yatumike ndani ya siku moja na yasigandishwe tena. Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Aliyobakiza mtoto yatumike ndani ya saa mbili, la sivyo yamwagwe.

Atakayebaki naye ni dada wa kazi. Nimwelekeze nini?

Mwite wiki mbili kabla, sio Jumapili usiku. Aone unavyomlisha, kisha alishe yeye ukiwa chumba kingine, maana mtoto akisikia harufu yako atakataa kikombe. Ndiyo, kikombe: mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, anywe kwa kasi yake mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa na chuchu yake, na kinapunguza uwezekano wa mtoto kulikataa titi jioni.

Jambo la pili ni uji. Mtoto analia, mama yuko kazini, jirani anasema ana njaa, na uji mwepesi unaingia akiwa na miezi mitatu. Dada peke yake hana ubavu wa kumkatalia jirani, sembuse mama mkwe. Baba wa mtoto ndiye wa kulisema hili mbele ya wote, kabla hujarudi kazini. Kwa mama anayeishi na VVU jambo hili ni zito zaidi: aendelee na dawa zake bila kukosa, na mtoto asichanganyiwe vyakula vingine kabla ya miezi sita.

Kama maziwa yako kweli hayatoshi, zungumza na kliniki kabla ya kununua kopo la maziwa ya unga ya watoto. Ukilazimika kulitumia, fuata vipimo vilivyoandikwa na tumia maji yaliyochemshwa. Kulizimua ili lidumu hadi mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto chakula.

Nasikia kuna saa mbili za kunyonyesha kila siku. Ni kweli?

Ni kweli. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawaiombi, na wanaoiomba hupewa mchana, wakati ambao hauwafai. Mtu anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala hawezi kwenda kunyonyesha na kurudi. Pendekeza zikusanywe: utoke saa mbili kabla ya wenzako, au uingie saa moja baada yao na kutoka saa moja kabla yao. Andika barua fupi, mpe afisa rasilimali watu, baki na nakala.

Kenya walichagua njia nyingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na watoe mapumziko yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Huku kwetu chumba hakuna mara nyingi, na kukamulia chooni si usafi. Ulizia ofisi ya mkutano, stoo yenye kufuli, chochote chenye mlango unaofungwa.

Kuna jambo ambalo kina mama husahau?

Chanjo ya wiki 14. Ya wiki ya 6 na ya 10 zinaangukia ndani ya likizo. Hii inakuja wiki mbili baada ya kurudi, kwa mtu ambaye amerudi juzi na anaogopa kuomba ruhusa. Iombe siku ya kwanza kabisa, au kadi ya kliniki aende nayo baba.

La pili ni mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu masharti matatu yanapotimia pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya mfululizo usiku na mchana bila pengo la zaidi ya saa nne mchana au sita usiku. Siku ukirudi kazini, sharti la tatu limevunjika, hata kama unakamua kwa bidii. Chagua njia kwenye kliniki kabla ya tarehe hiyo: kitanzi, vipandikizi, sindano au vidonge vya homoni moja vinakwenda na kunyonyesha. Vidonge vya homoni mbili kwa kawaida husubiri hadi mtoto afike miezi sita.

Kila nikifikiria kurudi nalia. Ni kawaida?

Majonzi ya kumwacha mtoto ni kawaida, na wengi huyazoea wiki chache baada ya kurudi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kutojisikia chochote kwa mtoto, au kujiona mama asiyefaa. Hiyo ni sonona, ni ugonjwa, na ina tiba ambayo mara nyingi haikulazimishi kuacha kunyonyesha. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali pamoja.

Nirudi siku gani ya wiki?

Sheria inakupa haki ya kurudi kwa masharti yale yale ya kazi. Siku yenyewe ni ya kukubaliana. Kama inawezekana, iwe Alhamisi. Utafanya kazi siku mbili, utaona maziwa yalitosha au yalipungua, dada aliweza au alishindwa, foleni ya jioni ilikuchukua muda gani. Kisha una Jumamosi na Jumapili za kurekebisha, mtoto akiwa kifuani.