Kura ya Vipaumbele Oakland: Safu Tano na Makosa Yanayoua Kura

Mwaka 2010 Don Perata aliongoza hesabu ya kwanza ya kura za umeya wa Oakland, California, kwa takriban asilimia 34. Jean Quan alikuwa nyuma yake kwa mbali, na asilimia 24 hivi. Aliyeapishwa ni Quan, na hapakuwa na wizi wowote.

Oakland haina duru ya pili ya uchaguzi. Mpiga kura anawapanga wagombea siku hiyohiyo: wa kwanza, wa pili, wa tatu, sasa hadi wa tano. Asipopatikana aliyevuka nusu, mwenye kura chache kuliko wote anaondolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa jina linalofuata juu ya karatasi hiyo. Hesabu inarudiwa hivyo hadi mmoja avuke nusu ya kura zilizobaki hai. Rebecca Kaplan, aliyekuwa wa tatu, alipoondolewa, karatasi zake nyingi zilikuwa na Quan mbele ya Perata. Quan akashinda kwa takriban kura 2,000. Mwaka 2022 pengo lilikuwa dogo zaidi: Loren Taylor aliongoza mwanzoni, Sheng Thao akamshinda kwa kura 677.

Karatasi yenyewe ina majina yaliyoshuka upande wa kushoto na safu tano za viduara upande wa kulia. Jaza kiduara kimoja katika kila safu, na kila safu iwe na jina tofauti. Kumpa mgombea mmoja safu zote tano hakumwongezei hata kura moja. Akiondolewa, karatasi yako haina pa kwenda. Kosa baya zaidi ni kujaza viduara viwili katika safu moja. Hesabu ikifika hapo karatasi inakufa, hata kama safu zinazofuata umezijaza vizuri. Chaguo la pili halimdhuru wa kwanza, kwa sababu halisomwi wakati yeye bado yumo. Wengi huliacha wazi kwa hofu hiyo, na wanajinyima bure.

Safu ikirukwa, sheria inataka jina linalofuata lipande. Hapo ndipo kaunti ya Alameda, inayohesabu kura za Oakland, ilipokosea mwaka 2022: mfumo wa kuhesabu haukupangwa kupandisha majina kwenye karatasi zilizoachwa wazi safu ya kwanza. Kosa lilipogunduliwa mwishoni mwa Desemba, matokeo ya kiti kimoja cha bodi ya shule yaligeuka. Ya umeya hayakubadilika.

California hutuma karatasi ya kura kwa posta kwa kila mpiga kura aliyesajiliwa. Weka sahihi yako kwenye bahasha ya kurudishia, ifanane na iliyo kwenye kumbukumbu zako za usajili; bila sahihi, bahasha haifunguliwi mpaka urekebishe. Ukichelewa, usiitegemee posta: peleka kwenye sanduku rasmi kabla ya saa mbili usiku, siku ya uchaguzi.

Kwa ndugu zetu waliohamia huko: kura ya meya ni ya raia pekee. Mwenye grini kadi hapigi, na akijisajili anaweza kuhatarisha ukaazi wake. Akikabidhiwa fomu ya usajili kwenye ofisi ya leseni za udereva, aisome kabla ya kutia sahihi.